Talaka mkononi, nyumba kwa jina la mume

SWALI: Assalaam alaikum. Niliolewa mwaka 2011 kwa ndoa ya Kiislamu, nasi tumejaliwa watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Wiki iliyopita mume wangu alinipa talaka ya maandishi na kunitaka nirudi kwetu Pangani. Nyumba tuliyoijenga Mabawa imeandikwa jina lake, naye anasema kazi yangu ilikuwa jikoni tu, hivyo sina changu. Nasikia anatafuta mnunuzi. Nianzie wapi?
Mama wa Watatu, Tanga

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu, na pole sana. Kukutoa nyumbani ukiwa bado ndani ya eda, yaani kipindi cha kungoja baada ya talaka, ni jambo ambalo Qurani yenyewe, katika Surat Talaq, imelikataza, kwa hiyo usifungashe kwa haraka.

Jina la mume kwenye hati halimalizi hoja. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja wakati wa ndoa, na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Hata hivyo, mgawo si lazima uwe nusu kwa nusu, kwa sababu mahakama hupima mchango wa kila mmoja. Hapo ndipo wanawake wengi wenye haki huumia, kwa kwenda mikono mitupu. Tafuta risiti za saruji na mabati, daftari la kikoba linaloonyesha mkopo ulioingia kwenye ujenzi, nakala ya mauziano ya kiwanja, na fundi aliyepokea malipo kutoka mkononi mwako.

Kuhusu mnunuzi, kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Ikiwa nyumba ina hati iliyosajiliwa, weka zuio kwa msajili wa hati. Kama haina, mwandikie mwenyekiti wa mtaa na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kabla ya mahakama, peleka shauri kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au la kata. Kwa sheria hiyo, baraza hutangulia, kisha talaka ya Kiislamu iliyotolewa baada yake ndiyo mahakama huizingatia inapoivunja ndoa. Kwa hiyo karatasi uliyopewa peke yake haijafunga mlango wa madai yako. Usuluhishi ukishindikana, dai hati ya baraza, na ufungue shauri kabla ya miezi sita kupita tangu itolewe, maana shauri lisilo na hati hiyo kwa kawaida hutupwa.

Katika madai hayo omba pia matunzo ya eda na ya watoto. Sheria huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kwa wale wakubwa, mahakama hutazama ustawi wao na matakwa yao. Unaweza kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo bila wakili, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ya jiji itakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bila malipo.