Usianze na Kitabu cha Mwaka: Ushauri kwa Wanaoanza Kusoma Historia ya Vyuo vya Marekani

Wewe unayeanza utafiti juu ya maisha ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, chagua chuo kimoja ukae nacho. Mimi nilianza na vyuo sita kwa mpigo, na baada ya miezi kadhaa nilikuwa na rundo la nyimbo, kofia na rangi ambazo sikuweza kuzitofautisha. Nilipobaki na Chuo Kikuu cha California, kule Berkeley, ndipo mambo yaliponifungukia.

Kosa langu la pili lilikuwa kukiamini kitabu cha mwaka, yaani kile cha picha na habari za wanafunzi kinachotolewa kila mwaka. Blue and Gold, kitabu cha mwaka cha Berkeley kilichotolewa na wanafunzi wenyewe, kiliandikwa na waliokuwa na nafasi chuoni, na ndani yake kila mtu anakipenda chuo. Ukikisoma peke yake utadhani mapenzi hayo yaliota yenyewe kama magugu, kumbe yalipandwa na kupaliliwa, na pengine kwa mabavu.

Chukua mfano wa herufi C ya zege, C ya California, iliyoko juu ya kilima cha Charter Hill pale Berkeley. Kwa miaka mingi wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili walipambana kilimani hapo kila ilipokaribia tarehe 23 Machi, siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa chuo. (Aliyewahi kuitwa njuka au mono katika bweni la shule zetu hahitaji maelezo zaidi.) Mwaka 1905 madarasa yaliyotarajia kuhitimu 1907 na 1908 yaliacha ugomvi yakaijenga herufi hiyo kwa pamoja. Mtalii huiona kama pambo. Wewe isome kama hati ya mapatano, kisha tafuta kilichokuwa kikitokea kabla ya mapatano hayo. Isome pia pamoja na siasa ya Benjamin Ide Wheeler, rais wa chuo kuanzia 1899 hadi 1919, aliyetaka wanafunzi wajitawale, wakubwa wa mwaka wa nne wakiwa mbele.

Kisa cha shoka nacho kitakuvutia, na si vibaya kuvutiwa. Mwaka 1899 mashabiki wa Stanford, chuo hasimu cha jirani, walilileta shoka kwenye mchezo wa besiboli kuwatisha wapinzani, vijana wa Berkeley wakalipora, na Stanford hawakulipata tena hadi 1930. Miaka hiyo yote lilitunzwa katika hifadhi ya benki na kutolewa kwa sherehe tu. Jiulize ni nani aliyelishika siku hizo za sherehe, kwa sababu Berkeley ilikuwa ikipokea wanawake tangu 1870, na hata hivyo katika masimulizi ya shoka hawaonekani.

Wanawake hao nilikuja kuwakuta mahali pengine. Mwaka 1901 walianzisha chama cha Prytanean, na kazi yake mojawapo ikawa kuchangisha fedha kwa ajili ya zahanati ya wanafunzi. Hayo nayo ni mapenzi ya chuo, ingawa hayakupigiwa ngoma uwanjani.

Kwa hiyo ukifika katika maktaba ya Bancroft, iliyonunuliwa na chuo mwaka huohuo wa 1905, omba kwanza barua na shajara za wanafunzi, ukiandika pembeni kila jina usilolifahamu. Kitabu cha mwaka kiombe wiki ya pili, uone ni majina mangapi kati ya hayo yamo ndani yake.