Wanyama wa nyumba za wanasesere: burudani au biashara?
Ndugu, umeuliza iwapo paka na mbwa unaowafinyanga kwa ajili ya nyumba za wanasesere wanaweza kukupatia riziki. Kwa kipimo cha 1:12, ambacho wakusanyaji wengi hukitumia, paka mwenye kimo cha sentimita 24 hubaki na sentimita 2 tu, na kumbandika manyoya ya mbuzi wa Angora kidogo kidogo, kuanzia mkiani kuelekea kichwani ili yalaliane kama ya paka halisi, huchukua muda mrefu kuliko kumfinyanga. Saa hizo mnunuzi hazioni. Mimi ningepokea oda chache zenye malipo ya awali, na farasi (wananichosha, lakini nawapenda) ningewafanya kwa starehe yangu tu.