Curriculum na syllabus: kwenye usaili nilijibu ni kitu kimoja, je nilikosea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha darasa la nne shule moja huku Chamwino, juzi nilienda kwenye usaili shule ya private hapa Dodoma mjini, ni English medium, wakaniuliza tofauti ya curriculum na syllabus. Nikajibu ni kitu kimoja ila syllabus ndo jina la zamani, wale wasaili wakaangaliana. Tofauti yake hasa ni nini, maana hata sisi kazini tunasema mtaala mpya, silabasi mpya, tunachanganya tu. Na wingi wa syllabus ni syllabi au syllabuses?

JIBU: Marahaba mwalimu. Hapo hauko peke yako. Tangu mambo mapya yaanze Januari 2024, yaani ile Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023 ilivyoanza kutekelezwa, watu wanaita mtaala kila karatasi inayotoka juu, kitabu cha kiada mtaala, muhtasari mtaala, hadi fomati ya mtihani ya NECTA nimesikia mtu anaiita mtaala.

Sasa iko hivi. Curriculum ni mpango mzima wa elimu wa ngazi fulani, masomo yote na kila kinachoyazunguka. Syllabus ni ya somo moja tu. Kwa Kiswahili cha ofisini curriculum ni mtaala na syllabus ni muhtasari wa somo, ile ambayo staff room tunaita silabasi. Kwa shule zetu, mtaala na muhtasari vyote vinaandaliwa na mtu mmoja, Taasisi ya Elimu Tanzania, nadhani ndo maana watu wanaona ni kitu kile kile. Ukitaka kupima we jiulize tu, hii ni ya somo gani? Kama jibu lipo basi ni syllabus. Silabasi ya Hisabati ipo, silabasi ya elimu ya msingi yote haipo.

Ukifungua mtaala wenyewe utakuta malengo ya elimu, masomo gani yasomwe, vipindi vingapi kwa wiki, lugha ya kufundishia, mwanafunzi atapimwaje, mwalimu awe na sifa gani. Sekondari kuwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali, hilo ni jambo la mtaala. Soma mtaala mwanzo mwisho hutakuta pa kujua Jumatatu unaingia na mada gani darasani. Hiyo iko kwenye muhtasari, kule kwenye lile jedwali unalolijua, linaanza na umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, linaenda hivo hadi safu ya mwisho ya idadi ya vipindi. Mwalimu wa darasa akisema "nimeangalia mtaala" mara nyingi kaangalia jedwali hilo, yaani kaangalia silabasi.

Na angalia tunavyoongea wenyewe, tofauti tunaijua ila hatujaishtukia. Mwalimu anasema "nimemaliza silabasi mwezi wa nane sasa ni rivisheni", hujawahi kusikia mtu kamaliza mtaala. Mwanafunzi akitoka kwenye mtihani analalamika swali lilikuwa nje ya silabasi, hasemi nje ya mtaala. Kinachobadilishwa na serikali hadi redioni watu wanabishana ni mtaala. Kiingereza nacho kinaenda hivo hivo, syllabus unai-cover, curriculum unai-design, unai-review au unai-implement. Ukisema kwenye usaili "I have covered the curriculum" wataangaliana tena.

Usiishie hapo kwenye kujibu, shuka chini kidogo uonekane mtu wa kazi. Chini ya muhtasari kuna azimio la kazi, ambalo unaandaa mwenyewe mwanzo wa muhula ukigawa mada kwa wiki, chini yake andalio la somo la siku. Mfano muhtasari ukidai wanafunzi wajifunze mazao ya biashara ya eneo lao, we wa Dodoma kwenye andalio unaweka zabibu, unawataja Hombolo na Mpunguzi, mwenzako wa Njombe ataweka chai, na wote mko kwenye silabasi moja na mtaala mmoja. Nilishaona watu wanasema azimio la kazi ndo syllabus, hapana, azimio ni lako, syllabus unaikuta imeshaandikwa.

Kuna sehemu inayochanganya kidogo, hii kwa wale waliomaliza UDOM au St. John's wanaoomba kusoma nje. Marekani syllabus mara nyingi ni zile karatasi mhadhiri anazogawa wiki ya kwanza ya kozi yake, mada za kila wiki, vitabu vya kusoma, testi zina asilimia ngapi. Vyuoni kwetu hiyo tunaita kozi autlaini. Kwa hiyo chuo cha kule kikikuomba syllabus ya kozi ulizosoma usihangaike kutafuta nyaraka ya Taasisi, tuma kozi autlaini.

Wingi sasa. Syllabi na syllabuses zote kamusi zinakubali, chagua moja ubaki nayo. Kuna kichekesho hapo, neno lenyewe limezaliwa na makosa ya uchapaji, kwenye barua za Cicero, yule mwandishi wa Roma ya kale, zilizochapwa miaka ya 1400 kuna neno la Kigiriki, sittyba, kile kikaratasi cha jina kwenye kitabu cha kukunja, likasomwa vibaya likawa syllabus, kwa hiyo hiyo -i ya mwisho Walatini wenyewe wasingeijua. Curriculum ni Kilatini halali, limetoka kwenye kukimbia, njia ya mbio kutoka mwanzo hadi mwisho, ndo hilo hilo lililopo kwenye sivii yako, curriculum vitae. Wingi wake curricula, curriculums nayo inakubalika.

Afu kuna kosa moja naliona sana kwenye barua za maombi ya kazi, "extra curriculum activities". Michezo, kwaya, skauti, yote hiyo ni extracurricular activities, neno moja na mwisho ni -ar. Kama umeandika hivo kwenye sivii yako irekebishe kabla hujaituma shule nyingine.