Maswali ya Wasomaji: LED za bluu kwenye mita ya pikipiki

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Pikipiki yangu ni ya cc 125, mita ya mshale. Taa ya mita ilikuwa hafifu, usiku hata geji ya mafuta siioni. Nikanunua LED za bluu. Moja haikuwaka kabisa, nyingine imewaka lakini namba zimekuwa kijani cha giza. Taa ya indiketa kwenye mita nayo niliiwekea LED, sasa inawaka nikikata kulia tu. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama, ndugu. Iliyogoma huenda ni nzima. LED ina chanya na hasi, si kama balbu ya waya inayowaka vyovyote utakavyoichomeka. Ichomoe, igeuze upande wa pili, irudishe.

Rangi ndiyo inayowapotezea wengi hela. Balbu ya kiwandani haina ukijani wowote. Ukijani uko kwenye wino uliochapwa nyuma ya uso wa mita, au kwenye kikofia cha mpira kilichovishwa balbu. Kichujio cha kijani hupitisha kijani na kuzuia rangi nyingine, kwa hiyo bluu yako inaishia humo. Vua soketi moja, mulika tochi ya simu kwenye tundu lake, kisha tazama namba kwa mbele. Zikitoka nyeupe, LED ya rangi yoyote itafanya kazi. Zikitoka kijani, angalia kama kuna kikofia, ukivue. Kama ni wino, usiukwangue, utang'oa na namba. Weka LED nyeupe au ya kijani.

Ushauri wetu ni nyeupe. Bluu inapendeza mchana dukani, ila usiku macho hayailengi vizuri na namba huwa na ukungu pembeni. Chagua LED yenye vidoa vya mwanga juu na ubavuni pia. Yenye kidoa kimoja kwa mbele itaacha duara kali sehemu moja ya mita, huku geji ya mafuta ikibaki gizani kama mwanzo.

Kabla ya kufungua tena, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya mita ikiwaka, inatumia betri, endelea. Ikisubiri injini iungurume, na kukolea kadiri unavyovuta mafuta, basi umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye koili ya injini inayozalisha umeme. Umeme huo hugeuka mbele na nyuma: LED itapepesa, na ule wa kinyume utaiua mapema. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo pitisha waya wake kwenye dayodi nne za 1N4007 zilizoungwa pamoja kama daraja, na baada ya daraja weka kapasita (kifaa kinachotuliza umeme) ya mikrofaradi 100, volti 35. Ya volti 16 itavimba, kwa sababu kilele cha umeme wa koili kinapita hapo.

Ukifungua, toa kwanza waya hasi wa betri na upige picha ya waya zote. Nati ya kebo ya mita ifungue kwa vidole. Soketi za balbu zishike kwenye mpira wenyewe. Ukivuta waya, pini inang'oka ndani na kazi inakuwa nyingine.

Sasa indiketa. Mita yenye taa moja kwa pande zote mbili huiunga kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Ukikata kulia, umeme hupita kwenye taa hiyo na kutafuta ardhi kupitia balbu za kushoto. Ukikata kushoto, hupita kinyume. LED hairuhusu kinyume. Chukua dayodi mbili za 1N4007, moja kwenye kila waya wa indiketa. Ncha zenye mstari mweupe ziunganishe pamoja ziende chanya ya LED, kisha hasi ya LED iende kwenye bodi (chuma cha pikipiki). Kama hupendi kulehemu, rudisha balbu ya zamani hapo. Haina ubaya wowote.

SWALI: Kijiweni wananiambia nipake balbu rangi ya kucha, nyekundu, badala ya kununua LED. Na taa ya nyutro naweza kuifanya nyekundu zifanane?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usipake. Kioo cha balbu hupata moto, rangi ya kucha hubabuka, ikageuka kahawia na kuacha harufu ya kuungua ndani ya mita. Moshi wake hushika kioo cha mita kwa ndani, na kuutoa ni lazima ufungue mita nzima.

Nyutro iache kijani na ful taa iache bluu. Nyekundu ni ya hatari, kama oili kuisha. Anayeazima pikipiki yako usiku akiona nyekundu inawaka, atazima injini katikati ya barabara.