Ganzi ya usiku: kwenu mnaoanza ufundi cherehani

Wadogo zangu mnaokuja kujifunza ushonaji hapa Mwanjelwa, mtaonywa kuhusu sindano na pasi ya mkaa. Kifundo cha mkono hakuna atakayewatajia, na mimi ndicho kilichonitesa.

Ilianza msimu wa sare za shule. Desemba nzima nilikata kaki kwa mkasi mzito, mikunjo minne mitano kwa mpigo. Usiku mkono wa kulia unakufa ganzi, naamka, naukung'uta mpaka urudi. Ilipofika Juni hali ikazidi, nikasingizia baridi (ya Mbeya mnaijua), nikawa nalala nimevaa soksi mkononi. Daktari akaniuliza: "Kidole kidogo nacho kinakufa ganzi?" Nikafikiri. Hapana! Ni gumba, cha shahada, cha kati na ubavu mmoja wa cha pete. Akasema basi unaobanwa ni mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo. Kwenye kifundo unapita njia finyu pamoja na kano 9 za vidole, kano zikivimba kidogo tu unakosa nafasi. Kidole kidogo kina mshipa wake, haupiti humo.

Baada ya hapo mkasi niliulaumu peke yake, kumbe na mimba yangu ya miezi saba ilichangia, maana maji yanayojaa mwilini wakati wa ujauzito nayo huibana njia ile. Sisi wanawake hutupata zaidi kuliko wanaume. Mwenye kisukari, mnene, mwenye baridi yabisi, aliyewahi kuvunjika kifundo, wote wajihadhari mapema. Na tezi ya shingo ikizembea kazi yake pia ni sababu. Huku kwetu, ambako bibi zetu wengi walikuwa na rovu kwa kukosa madini joto, msiidharau.

Noeni mkasi. Mkasi butu ndio unaowakamulisha kiganja. Kateni mikunjo miwili, fundi mkuu akifoka afoke. Kifundo kinyooke mnaposukuma kitambaa, na mkishakata saa nzima, hamieni kwenye cherehani. Usiku msilale mkono umekunjwa chini ya shavu. Mimi nilipewa kifaa cha kuufunga unyooke, na kilinisaidia kuliko vidonge.

Vifungo vikianza kuwaponyoka, au nyama ya chini ya gumba ikibonyea, msingoje msimu uishe. Mimi niliungoja. Mpaka leo kutunga uzi kwenye sindano namwachia mwanafunzi.