Mpwa, kuhusu kuja Canada kucheza mpira

Mpwa wangu, nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Unauliza mambo mawili: kama huku Vancouver kijana anaweza kuishi kwa kipaji cha michezo peke yake, na mbona mjomba wako bado anabeba maboksi usiku. Nakujibu bila kuficha, ila naanzia kwa Fred Taylor, mchezaji wa hoki ya barafu aliyebandikwa jina la Cyclone, yaani kimbunga.

Huyu ni wa zamani, enzi hoki ya barafu inaanza kulipa. Alitoka kijijini, jimbo la Ontario hapa Canada, akafanya kazi kiwanda cha piano. Chama cha hoki cha huko kilimfungia asicheze kwa sababu alikataa kuchezea timu ya Toronto, basi akavuka mpaka hadi Houghton, Michigan, Marekani, mji wa machimbo ya shaba uliolipa wachezaji waziwazi. Mwaka 1907 timu ya Ottawa ikamwita: dola 500 za msimu, pamoja na ajira serikalini, idara ya uhamiaji. Hapo kwenye ajira pasikilize vizuri.

Mwaka 1910 Renfrew, kamji kenye matajiri wenye kiu ya kombe, kalimlipa dola 5,250 kwa mechi 12 tu. Hela ya kufuru! Lakini timu ile haikumaliza hata miaka miwili zaidi. Alipohamia Vancouver mwaka 1912, alikuwa uwanjani usiku na uhamiaji mchana. Mwaka 1915 akaipa Vancouver Stanley Cup, kombe kubwa la hoki, na bado alikuwa na kazi yake ofisini. Ajira hiyo ndiyo iliyomtunza hata baada ya kustaafu barafu, akapanda mpaka kuwa mkuu wa uhamiaji wa jimbo zima la huku, British Columbia.

Kuna jambo wanaomsifia hulipita haraka, mimi siwezi. Mwaka 1914 meli ya Komagata Maru ilitia nanga hapa na abiria 376 kutoka Punjab, raia wa himaya ileile ya Mwingereza iliyokuwa na Canada. Walizuiwa melini miezi miwili, karibu wote wakarudishwa. Taylor alikuwa miongoni mwa maofisa waliopanda meli ile. Mtu aliyewahi kuvuka mpaka kutafuta riziki alikuwa analinda mlango usiingiwe na watu wa rangi yetu. Sheria hazikuwa zake, lakini mshahara aliupokea.

Sasa mimi. Kodi ya nyumba hapa inakula zaidi ya nusu ya mshahara, na maboksi yana bima na malipo kila wiki mbili. Soka huku nacheza Jumapili, bure, na jezi nanunua mwenyewe.

Wakala anayekudai pesa ya "majaribio" usimpe hata senti. Mwenye timu ya kweli hakutozi wewe. Ile nauli uliyoomba sitatuma. Nitalipia kozi yako ya umeme chuo cha ufundi VETA, na mama yako nimeshamwambia.