Mtoto mwenye usonji akifundishwa lugha ya alama, je, ataacha kusema?

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka minne mwenye usonji akifundishwa alama atazoea mikono na asiseme tena, kama bibi yake anavyohofia. Bibi nampa shikamoo yake, lakini kwa hili simuungi mkono. Mama yangu ni kiziwi na kijana wangu wa pili ana usonji, kwa hiyo kwetu mikono haijawahi kutulia.

Wengi hudhani alama ni maigizo. Ubongo hauzichukulii hivyo, kwake ni lugha. Miaka ya 1980, katika Taasisi ya Salk huko California, Ursula Bellugi na wenzake waliwachunguza viziwi waliopata kiharusi. Walioumia upande wa kushoto wa ubongo, uleule unaobeba lugha kwa wengi wetu tunaosema, alama ziliwavurugikia. Walioumia kulia, wengine hata kuchora picha ya nyumba kuliwashinda, lakini alama zao zilibaki fasaha.

Kijana wangu alipoanza kupunga kwaheri, kiganja kilimwelekea yeye mwenyewe. Nilidhani amechanganyikiwa, hadi siku moja barazani nilipompungia taratibu nikaona: alikuwa anaiga alichokiona, yaani kiganja changu kikimtazama yeye! Baadaye nilisoma utafiti wa Aaron Shield na Richard Meier wa 2012, kuhusu watoto viziwi wenye usonji huko Marekani, waliozaliwa na wazazi viziwi. Baadhi yao waligeuza viganja vivyo hivyo kwenye alama zao. Nililia. Mama alikuwa ameshanielekeza zamani bila kitabu: usikae mbele yake, kaa ubavuni, mikono yenu ielekee upande mmoja.

Alama yake ya kwanza ilikuwa maji. Kabla ya hapo kiu ilikuwa kujigonga kichwa ukutani. Neno lenyewe kwa sauti lilikuja miezi minane baadaye, mkono ukiwa bado juu. Si kila mtoto atasema, sikudanganyi, ila tafiti hazikuona alama zikizuia usemi. Hakikisha amepimwa masikio pia.

Jifunzeni Lugha ya Alama ya Tanzania, ulizia CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), siyo ya Kimarekani ya YouTube, ili viziwi wa hapa wamwelewe. Na bibi mpe tano za kuanzia: maji, kula, choo, basi (yaani imetosha), inauma. Hiyo ya mwisho msiicheleweshe.